Udongo wa Ng'ambo

Mafuriko yalipopungua, Kasanda alikuta shamba lake limepanuka. Mto ulikuwa umelimega shamba la Bi Nyamizi, mjane wa ng'ambo, ukaja kuumwaga udongo wake mweusi upande huu. Kasanda akaharakisha kupanda mahindi. Kwenda kumpa pole mjane, alisema ataenda kesho, na kesho tena.

Siku ya nne Bi Nyamizi akavuka mwenyewe, kanga imelowa hadi kiunoni. Kasanda aliinama kama anayetafuta kitu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoto wazima? Nimewaombea sana."

Kasanda alijibu kwa sauti aliyoisikia yeye tu.

"Naona marando yangu ya viazi yamechipua hapa kwako," alisema Bi Nyamizi. "Nigawie machache ya mbegu. Kwangu pamebaki mawe, lakini nitajaribu."

"Chukua yote, Bibi."

Alichukua machache. Kila shina alilong'oa alilikung'uta polepole, udongo uliong'ang'ania mizizi ukaanguka shambani kwa Kasanda.

"Usikung'ute, Bibi," Kasanda alinong'ona, uso ukiwaka.

Bi Nyamizi hakusikia. Aling'oa shina jingine, akalikung'uta.