Vidole vya Adhar

Adhar alijidunga sindano kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akangoja damu itoke, kisha akahamia cha kati. Alipofikisha vidole vitatu alivisugua kwa majivu, maana damu mbichi ingemsema.

Kitandani mtoto wake Kon alikuwa amelala. Kando yake ilikunjwa milaya, shuka kubwa nyeupe iliyotariziwa kwa nyuzi za rangi. Alikwisha kuifua mara mbili na kuikanyagakanyaga isionekane mpya.

Kwa watu wake, Wadinka wa Sudan Kusini, bibi arusi hutarizi milaya yake mwenyewe. Siku watu wa mume wanapokuja mara ya kwanza, huitandika kitandani waione. Lakini Adhar aliingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa msichana mdogo, mama yake amebaki njiani, amezikwa bila msalaba. Masista walimfundisha kusoma na kusali. Sindano hakuna aliyemfundisha. Tangu aolewe alikuwa akijaribu peke yake.

"Mama Kon, huyu ni ndege au kiazi?" jirani yake Nyanut alimwuliza siku moja, akacheka mpaka akakaa chini.

Na sasa, kesho Kon angebatizwa. Shangazi Abuk, aliyemlea Marial, mume wa Adhar, alikuwa njiani kutoka Lokichoggio. Hakuja hata siku ya arusi, sasa anakuja.

Ndiyo maana Adhar alikuwa amebeba unga wake wa mgao, wote, akampelekea Mugure. Mugure alikuwa na duka Lodwar, na kila Alhamisi alileta bidhaa sokoni Kakuma.

"Niko na fundi wangu huko Lodwar," Mugure alimwambia. "Anashona mpaka unashangaa. Unataka picha gani?"

"Yoyote. Isiwe ndege tu."

"Lakini usiniulize jina. Fundi wangu hataki kujulikana."

"Hata mimi sitaki," Adhar akasema.

Marial naye alikuwa Lodwar, akibeba mawe kwenye ujenzi, na alirudi kila mwisho wa mwezi. Kila mara alirudi na kitambaa kimefungwa mkono wa kushoto. Mawe, alisema. Hakupenda kuulizwa zaidi.

"Mume wako anabeba mawe ya pamba?" Nyanut alimtania Adhar. "Mbona mabega bado ni ya mwanafunzi?"

Siku ya ubatizo Marial alifika asubuhi na lori, akaenda kanisani moja kwa moja na vumbi lake. Padre alimwaga maji, Kon akalia, watu wakapiga vigelegele. Kisha wote wakaja nyumbani.

Shangazi Abuk aliingia kwanza, akainama juu ya milaya iliyotandikwa kitandani. Marial aliingia nyuma yake. Alipoiona milaya alisimama pale pale mlangoni, akainamisha kichwa.

Adhar alimwona. Amejua, akawaza. Anajua mke wake hawezi kushona hata kiraka.

"Wenzako hushona tausi na maua," Abuk alisema. "Wewe umeshona fahali! Na pembe moja imekunjwa ishuke chini, kama vijana wanavyozikunja kule nyumbani. Mwanamke, umeyajulia wapi haya?"

"Marial alinieleza."

Uongo ulitoka bila kukwama, na maji ya ubatizo hayajakauka kichwani mwa mtoto.

"Kweli, Marial?"

Marial hakuinua macho. "Kweli, shangazi."

Alisogea kitandani, akanyoosha mkono kwenye uzi mmoja uliolegea penye ile pembe. Abuk akampiga kofi mkononi.

"Usiguse! Uzi na sindano si mambo ya mwanamume. Utachekwa hata na ng'ombe."

Wanawake wakaangua kicheko. Marial aliurudisha mkono nyuma ya mgongo.

Abuk akamshika Adhar mkono wa kushoto, akaugeuza, akabonyeza ncha za vidole moja baada ya nyingine. Halafu akamsogelea sikioni.

"Madonda haya ni ya jana, binti yangu. Milaya hii si ya jana."

Adhar alitamani ardhi impokee. Lakini yule mama aliinua kichwa, akawageukia wengine kwa sauti kubwa.

"Haya, chai iko wapi? Tumekuja kubatiza ama kufunga?"

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado kali. Adhar alikaa chini sakafuni, mtoto mapajani, hakuweza kukaa kwenye kitanda kile.

"Baba Kon," alisema. "Mimi ni mwongo. Milaya nimeinunua kwa Mugure, nikatoa unga wetu. Vidole nimejidunga mwenyewe. Shangazi amejua. Na wewe umesema uongo kwa ajili yangu, siku ya mtoto wetu. Sina uso wa kumtazama Mungu, wala wewe."

Marial alikaa chini karibu naye, akaanza kufungua kitambaa cha mkono wa kushoto, polepole, mzunguko kwa mzunguko. Mkono haukuwa na jeraha la jiwe. Ncha za vidole zilijaa vitundu vidogo vyeusi, vya zamani, vimekomaa, ngozi ikawa ngumu.

"Ile pembe ilinichukua wiki mbili," alisema, macho yakiwa chini. "Tafadhali, usimwambie shangazi."