Bi Merle Apewa Mpaka Ijumaa

Bi Merle alikuwa amepiga magoti katikati ya barabara, futi kamba mkononi, magari yakimpigia honi mbele na nyuma. Dereva wa basi akatoa kichwa dirishani.

"Bibi, unatafuta kufa? Kafie kwenu!"

"Ngoja kidogo, mwanangu," akajibu bila kuinua macho. "Mita nane na nusu. Haya, pita."

Kando ya barabara mtu akacheka. Alikuwa Des, shemeji yake, ameegemea gari lake kama mwenye mtaa. Kiwanja kile cha West End, pale pale katikati ya Brisbane, Des alikirithi kwa baba yake. Kaka yake Clive, mume wa Merle, alijenga hapo nyumba ya mbao juu ya nguzo, akakaa miaka arobaini. Tangu Clive azikwe, Des hakuwahi kuja hata na mkate. Alichokuja nacho ni karatasi ya wakili, na mke mpya, Sharlene, aliyepitiliza moja kwa moja jikoni kuangalia jiko lake litakaa wapi.

"Shemeji, siku hizi umekuwa polisi wa barabarani?"

"Napima. Lori ni pana."

"Lori la nini? Una kitanda na paka."

"Paka alikufa."

"Basi una kitanda." Des akacheka tena. "Na unakipeleka wapi?"

"Kilcoy. Dada yangu amenipa sehemu shambani kwake."

"Na hema amekupa?"

Merle akaikunja futi kamba. Ile karatasi ya wakili alikuwa nayo mfukoni mwa aproni mwezi mzima. Ilisema kila alichokijenga au kukinunua marehemu Clive ni mali ya mjane wake, na chochote kitakachokutwa kiwanjani Ijumaa saa sita mchana ni cha mwenye ardhi. Des mwenyewe ndiye aliyetaka iandikwe hivyo. Siku aliyoileta alisimama uani akionyesha kwa kidole: banda la kuku, tangi lenye kutu, kibanda cha zana.

"Makorokoro yote aliyoyagonga misumari mume wako, yabebe," alisema. "Sitaki nibakiwe na hata msumari mmoja."

Merle aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akaanza upya.

"Weka sahihi hapa chini, shemeji," akasema. "Na Sharlene naye, awe shahidi."

Jumanne akaja Gavin, mwenye malori. Aliingia uvunguni mwa nyumba na tochi, akatoka na utando wa buibui kwenye ndevu. Kibali cha manispaa alikuwa nacho. Watu wa umeme walishakubali kuja kuinua nyaya. Shida ilikuwa kwenye kona.

"Ule mjakaranda," akasema, "na lile gari lililoegeshwa chini yake. Lile tawi lisipokatwa na gari lisipoondoka, sitoki mtaa huu. Na mimi nina Alhamisi tu, mama. Nafasi nyingine ni mwezi ujao."

Mwezi ujao kila kitu kingekuwa cha Des.

Mti ulikuwa wa Voula, jirani wa ng'ambo ya barabara, na gari la Voula. Mgiriki huyo na Merle walikuwa wamenuniana miaka tisa, hata takataka walizitoa kwa kupishana. Merle akavuka barabara, akabisha. Mlango ukafunguka nusu.

"Nikate mti wangu?" Voula akafoka. "Hamisha masufuria yako kwa baiskeli!"

"Voula, nakuomba."

"Mume wako aliniita mchawi."

"Alikuita. Na mimi nilicheka."

"Afadhali umekiri. Kwaheri."

"Anayehamia pale kwangu ni Des."

Mlango, uliokuwa unafungwa, ukasita. "Des yupi? Huyu aliyenishtaki manispaa kwa moshi wa samaki wangu?"

"Huyo huyo."

Merle akasogea, akamnong'oneza maneno machache. Voula akamkazia macho. Akatazama ng'ambo ya barabara, akamrudia Merle, akatazama tena ng'ambo.

"Mwongo wewe."

"Alhamisi."

Voula akaingia ndani bila kuaga. Alipotoka alikuwa na funguo za gari mdomoni na msumeno mkononi.

Ijumaa, saa sita kasorobo, Des alifika na kufuli jipya. Sharlene alikuwa nyuma yake, amebeba ndoo ya rangi. Mtaa ulijaa magari kama kawaida, wakalazimika kuegesha mbali na kutembea. Voula alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya geti lake, anamenya maharage, amevaa nguo yake ya kanisani.

"Mnamtafuta Merle?" akauliza. "Yuko Kilcoy tangu alfajiri. Amepiga simu sasa hivi, anasema hata sahani moja haikuvunjika."

"Ameondoka na makorokoro yake yote?"

"Yote," akasema Voula. "Nenda kaangalie."

Des, macho kwenye kufuli lake, akavuka barabara, akasukuma geti. Ngazi tano za saruji alizozijenga baba yake zilikuwepo, zikipanda vizuri kutoka kwenye majani, moja baada ya nyingine, mpaka ya juu kabisa. Baada ya hapo, pale ulipokuwa mlango wa nyumba, palikuwa na hewa tu, na nyuma yake, uwazi mtupu hadi ukuta wa jirani wa nyuma.