Nyumba Kwenye Njia ya Kimya

Wageni walikuja Himalaya kutafuta kimya, kwa hiyo wenyeji wakatakiwa wasisikike. Taa ya kijani ilifungwa ndani ya kila nyumba iliyo kando ya njia. Ikigeuka nyekundu kwa kusikia kelele, familia inahamishwa siku hiyo hiyo. Yangji alikwisha kumchinja jogoo wake na kuwavua ng'ombe kengele. Jirani yake aliyejifungua juzi hayupo tena.

Asubuhi hiyo mgeni mmoja alikuwa akinywa chai kibarazani.

“Mna bahati,” alimnong'oneza Yangji. “Sijawahi kufika mahali patulivu hivi.”

Yangji akatabasamu, akaingia jikoni kumwongezea chai. Birika likamponyoka, maji ya moto yakammwagikia mguuni. Akaanguka magoti, akafumbua kinywa kupiga yowe.

Kiganja kidogo kikamziba mdomo. Kilikuwa cha Norzin, bintiye wa miaka mitatu. Mtoto hakuutazama mguu wala uso wa mama yake. Aliikodolea macho taa ukutani, akangoja.

Alipoona imebaki kijani, ndipo alipoinama kumpulizia mama yake mguu, polepole, pumzi yake isisikike.