Alama Shingoni

Bi Mwanakheri, mwosha maiti, alipougeuza mwili wa marehemu aliona alama za vidole shingoni. Aliyekuwa akimmiminia maji ni Raya, binti aliyemuuguza mama yake kitandani kwa miaka sita.

“Alikuomba umpumzishe?” Bi Mwanakheri alimnong'oneza.

“Mwaka mzima aliniomba, bibi, kwa yale maumivu. Nikakataa.” Raya akainamisha kichwa. “Jana hakuniomba. Jana aliomba uji tu.”

Nje, wanaume walikuwa wameshaleta jeneza. “Bado tu?” mmoja wao aliuliza mlangoni.

Bi Mwanakheri alikuwa ameivuta sanda hadi kidevuni mwa maiti, na hapo mikono yake ikasimama.