Zamu ya Orvil

Wapiga mandolini, kinanda kidogo cha nyuzi, wa mji mmoja wa milimani huketi duara, na wimbo wa blugrasi, muziki wa nyuzi wa kwao, huzunguka: kila mmoja hupiga peke yake zamu yake ikifika, wengine wakimsindikiza taratibu. Kiti cha marehemu Orvil hakikaliwi, lakini zamu yake hawairuki. Huingoja ipite.

Jioni moja mgeni, Lettie, aliketi kando ya kiti hicho. Zamu yake ilipofika alipiga vizuri, ila mwishoni alikosea uzi uleule ambao Orvil aliukosea maisha yake yote.

Mjane wa Orvil akashtuka. "Kosa hilo nani kakufundisha, mwanangu?"

"Kosa?" Lettie akaona haya. "Samahani, mama. Nimemfuatisha huyu mzee hapa." Akaelekeza kidole kwenye kiti cha Orvil.

Wimbo ukazunguka. Ulipokifikia tena kile kiti, mjane alifunika nyuzi za mandolini yake kwa kiganja ili asikie. Lettie akasogeza goti kidogo, kukipisha kiwiko cha mzee.