Soda ya Seva Iliyozimwa

Wilaiwan alipovuta pazia nyuma ya kabati za seva, alikuta chupa ya soda nyekundu imetiwa mrija, bado inatoa povu.

Ilikuwa imetengwa mbele ya mashine kuukuu, kama kwao inavyotengwa kwa mizimu inayolinda nyumba. Aliligusa bati la mashine. Lilikuwa la moto.

Hii ndiyo seva ambayo bosi wake aliwaapia wakaguzi kwamba ilishazimwa. Walioitengeneza waliacha zamani kuitolea masasisho, na mwizi wa mtandao angeingia humo kama anaingia kwao. Na humo ndimo zilimokaa kumbukumbu zote za damu za hospitali.

"Usiiguse, mdogo wangu."

Bosi alikuwa mlangoni, ameshika shada la maua ya manjano.

"Kaka, uliapa!"

"Niliapa. Tulijaribu kuihamisha, ikagoma. Ikizimika, haiwaki tena."

"Kwa hiyo tunaibembeleza kwa soda?"

"Una dawa nyingine? Itoe."

Wilaiwan aliuondoa mkono kwenye bati.

"Basi kawaambie wakaguzi," bosi alisema taratibu. "Wataizima leo hii. Na huko juu kuna mama yuko mezani anapasuliwa, anangoja damu."

Feni za mashine zilikoroma. Bosi aliivisha shada, akachukua kiganja cha Wilaiwan na kukiwekea funguo za chumba.

"Mimi Ijumaa nastaafu," alisema. "Usije ukailetea soda ya machungwa. Haipendi."