Simu Isiyo na Betri

Hivi wewe, umewahi kumfukuza mwanao nyumbani kwa sababu ya simu?

Mbuke alifanya hivyo, pale Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, mwaka tisini na tisa. Mikono yake ilitetemeka hadi chai ikawa inamwagikia sahanini, naye akawatangazia majirani kwamba mionzi ya simu ya mwanawe ndiyo inayomla. Siku hiyo akamwambia mwanawe ahame na simu yake, kisha akairusha uani, mbele ya watu.

Mwanawe akaiokota, akaipangusa vumbi, akaifungua mgongo. Ndani mlikuwa mtupu.

"Mama, betri iko Mwanza kwa fundi tangu Pasaka."

Majirani wakaangua kicheko. "Yaani bibi, umeliwa na kopo tupu?"

Mbuke akarudi jikoni kwa aibu, mjukuu akiwa amelala mgongoni. Akashika kile kijiko chake cha kuchomea dhahabu iliyokamatwa na zebaki, akakiweka juu ya mkaa kama kila jioni. Kijiko kikagongagonga ukingo wa jiko. Moshi wa zebaki ukapanda.

Mkwewe, ambaye tangu aolewe hakuwahi kumjibu, akapiga magoti mlangoni.

"Mama, naomba unipe mtoto. Huo moshi unaokutetemesha wewe utamfikia na yeye."